Hodi kwa Nani? Mtaa, Kata na Huduma Zake Pembezoni mwa Jiji la Tanga

Tangu wenyeviti wapya wa mitaa waingie ofisini baada ya uchaguzi wa Novemba 27, 2024, maswali yaleyale yanazunguka vijiweni, kwenye foleni za maji na kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wa Kange, Duga, Maweni na Pongwe. Mbona mwenyekiti hatengenezi barabara? Mjumbe kasema sipati barua kwa sababu ni mpangaji, ni kweli? Nimenunua kiwanja na nina muhuri wa mtaa, sasa katokea mtu na karatasi yake; niende kata au mahakamani? Makato ya kwenye luku ni ya nani? Na kuna swali zito kuliko yote, ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini: mimi si mwenyeji wa hapa, je, mkutano wa mtaa unanihusu?

Maswali hayo nayajibu kwa pamoja kwa sababu mzizi wake ni mmoja. Wengi wetu tunaichukulia serikali ya karibu yetu kama ofisi moja yenye mtu mmoja, na huyo mtu tunamtaka afanye kila kitu. Asipofanya tunamlaumu, akifanya kisichokuwa chake tunamshukuru, na huku yule anayehusika hasa hajasikia hata kwamba tuna shida.

Tuanze chini kabisa. Mtaa ndiyo ngazi ya mwisho ya serikali mjini. Vijijini nafasi hiyo inashikwa na kijiji pamoja na vitongoji vyake. Mitaa kadhaa ikikusanywa inakuwa kata, na kata 27 ndizo zinazofanya Halmashauri ya Jiji la Tanga, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2005. Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa wako upande mwingine: ni wateule wa Rais, wanaiwakilisha Serikali Kuu, na ingawa wanaifuatilia halmashauri kwa karibu, hawamo ndani yake.

Ndani ya ngazi hizo kuna watu wa aina tatu, na mkanganyiko wote unaanzia hapo. Fikiria shughuli ya harusi. Wenye shughuli huchagua kamati, na kamati ina mwenyekiti. Mpishi analetwa kwa malipo. Turubai na viti vinakodiwa kwa mfanyabiashara ambaye kesho ana shughuli nyingine kwa watu wengine. Pilau likiungua, hakuna anayemfuata mwenye turubai, na turubai likivuja hakuna anayemgombeza mpishi. Mwenyekiti wa kamati, hata awe mtu wa heshima namna gani, hapiki na wala hana turubai. Kazi yake ni kusimamia walichokubaliana wenye shughuli na kumfuata kila anayehusika.

Waliochaguliwa mtaani ni mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati ya mtaa, wakiwemo wa viti vya wanawake, na muda wao ni miaka mitano. Katika kata kuna diwani, ambaye huchaguliwa siku ya uchaguzi mkuu pamoja na Rais na Mbunge. Madiwani wakikaa pamoja ndiyo Baraza la Madiwani, na wao kwa wao humchagua Meya. Walioajiriwa ni mtendaji wa mtaa, mtendaji wa kata, afisa maendeleo ya jamii, bwana au bibi afya, na wenzao, wote wakiwajibika kwa Mkurugenzi wa Jiji, ambaye huteuliwa na Rais. Kundi la tatu ni taasisi zenye sheria zao na mabosi wao: TARURA kwa barabara, Tanga UWASA kwa maji, TANESCO kwa umeme, NIDA kwa vitambulisho vya taifa, RITA kwa vyeti vya kuzaliwa, TRA kwa kodi. Hawa wa kundi la tatu mwenyekiti wa mtaa hana uwezo wa kuwaamuru. Anaweza kuwaandikia, kuwapigia, kuwaalika kwenye mkutano, kuwaganda mpaka waje. Mwenyekiti mzuri unamjua kwa hilo la kuganda.

Sasa tuje kwa mjumbe, maana hapa ndipo watu wanapopotea zaidi.

Miaka ya 1960 TANU ilianzisha utaratibu wa nyumba kumi kumi, kila kundi la nyumba likiwa na balozi wake, ambaye wengi humwita pia mjumbe. Nchi ilipokuwa na chama kimoja, chama na serikali vilikuwa kitu kimoja machoni pa mwananchi. Isitoshe, serikali za mitaa zenyewe zilivunjwa mwaka 1972, za mijini zikarudishwa mwaka 1978, na sheria tunazozitumia mpaka leo, pamoja na marekebisho yake mengi, zikatungwa mwaka 1982. Kwa miaka hiyo yote balozi ndiye aliyekuwa karibu: mgeni akija anaripotiwa kwake, ngoma ikichezwa kibali kinaombwa kwake, mke na mume wakigombana usiku wanakwenda kumgongea. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, balozi alibaki kuwa kiongozi wa shina la CCM. Ni kiongozi wa chama. Serikalini hana cheo.

Mazoea hayafi kwa tangazo la serikali, na sioni ubaya wa mwenyekiti kumuuliza balozi au jirani yeyote, "Huyu unamfahamu?" Balozi mwenye busara ni hazina ya mtaa, na wako wengi hapa Tanga waliozuia ugomvi mkubwa kwa maneno mawili ya barazani. Lakini ukiambiwa huwezi kuonwa na serikali ya mtaa mpaka upitie kwa balozi, au mpaka uwe na kadi ya chama fulani, umeambiwa jambo lisilo na sheria nyuma yake. Na kwa kuwa mjumbe wa kamati ya mtaa, aliyepigiwa kura na wakazi, naye anaitwa mjumbe, uliza tu kwa upole: mjumbe wa shina au wa kamati ya mtaa? Jibu litakuonyesha unazungumza na nani.

Nimesema swali la uenyeji ni zito. Nitakaa nalo kidogo, kwa sababu linaumiza watu kimya kimya.

Tanga haikuanza leo kupokea wageni. Reli ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, na mwaka huohuo Mjerumani Richard Hindorf akaleta miche ya mkonge. Mashamba yakataka watu, na watu wakaja: Waha, Wanyamwezi, Wamakonde, Wabena na wengine, wengi wao wakiwa manamba, yaani vibarua wa mkataba mashambani. Waliwakuta Wadigo, Wasegeju, Wabondei na Wazigua, Wasambaa wakishuka kutoka milimani, Waarabu na Wahindi wakiwa madukani. Wajukuu wa wote hao ndio wanaojaza Ngamiani na barabara zake za namba, Makorora, Mabawa na Mwanzange. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 390,000 ndani ya jiji, na pembezoni bado nyumba zinaota. Stendi kuu ya mabasi iko Kange. Kiwanda cha saruji kiko Pongwe. Bandari imepanuliwa. Chongoleani ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443. Mji unaoitwa kwa utani "waja leo" unaendelea kulistahili jina lake, isipokuwa wanaokuja wanajenga na kubaki.

Kwenye mtaa wa namna hii, Mchaga mwenye duka, Mpare mwalimu, Mdigo mwenye shamba la minazi lililokatwa viwanja, fundi kutoka Kigoma na mama muuza samaki wa Kojani wanachota maji bomba moja. Na bado unasikia katika mkutano, pale mtu anapouliza kuhusu fedha za mtaa: "Wewe umekuja juzi, tuachie wenyeji."

Sheria haina habari na ujio wa juzi. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote wa mtaa huo waliotimiza miaka 18. Mpangaji ni mkazi. Aliyejenga mwezi uliopita ni mkazi. Mtumishi aliyehamishiwa hospitali ya Bombo na kupanga chumba Duga ni mkazi wa Duga. Asili ya babu yako haiandikwi popote kwenye sifa hizo, na anayeuliza kuhusu fedha za mtaa kwa adabu anatimiza kazi ya mkutano ule hasa. Kwenye kupiga kura na kugombea kunaongezwa sharti la uraia wa Tanzania, kwa hiyo jirani yetu Mganda anayefanya kazi kwenye mradi wa bomba hapigi kura. Lakini mtaro ukimwagika mlangoni kwake, ni shida ya mtaa kama ya mtu mwingine yeyote.

Kuna jambo liliwakosesha wengi kura mwaka 2024, hasa wageni. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulisimamiwa na Ofisi ya Rais, TAMISEMI, na ulikuwa na orodha yake ya wapiga kura, iliyoandikishwa mtaani kuanzia Oktoba 11 hadi 20 mwaka ule. Kadi ya mpiga kura ya uchaguzi mkuu inatokana na Daftari la Kudumu, ambalo ni jambo jingine. Mtu alikuwa na kadi yake safi mfukoni, akafika kituoni Novemba, jina hamna. Miaka mitano ikitimia, mwaka 2029, utaratibu ukibaki kama ulivyo, angalia kipindi cha kujiandikisha mtaani hata kama kadi unayo.

Tena wenyeviti wetu waliangalie hili la siku za mikutano. Ukiitisha mkutano Ijumaa saa saba umewafungia nje watu wa msikitini. Jumapili asubuhi umewafungia nje wa kanisani. Jumamosi asubuhi Wasabato hawapo. Jumapili alasiri, baada ya alasiri kuswaliwa na kabla mama hajawasha jiko la jioni, ndiyo saa ambayo nimeona mahudhurio yanakuwa ya watu wote. Tangazo lipelekwe msikitini, kanisani, kijiwe cha bodaboda na kwenye genge, maana karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi inasomwa na wanaokwenda ofisini tu.

Barua ya utambulisho sasa. Unaihitaji kufungua akaunti, kwenda NIDA, kumdhamini mtu, wakati mwingine kuomba umeme au maji. Inathibitisha jambo moja: kwamba unaishi hapo na unafahamika. Kwa hiyo kumnyima mtu barua kwa sababu hakuchangia ulinzi, hakutoa mchango wa msiba au hapendwi na jirani ni kuchanganya mambo. Msiba tunachangiana kwa utu wetu, na vikundi vyetu vya kufa na kuzikana ni kitu cha thamani kubwa ambacho pembezoni mwa mji kimewaunganisha watu wa dini na makabila yasiyokutana kwingine. Lakini ni hiari. Kikundi si serikali, na mtu asiyekuwamo hapotezi ukazi wake.

Na malipo? Hapa niwe mkweli kwa pande zote mbili. Mwenyekiti wa mtaa hana mshahara. Hupewa posho kutoka mapato ya halmashauri, na aghalabu ni ndogo. Ofisi nyingine hazina hata karatasi. Ndiyo maana "ya karatasi" au "ya muhuri" imezoeleka. Lakini fedha halali ya serikali ina alama zake: imewekwa na sheria ndogo au sheria ya nchi, inalipwa kwa namba ya malipo au kwenye mashine, na inatoa risiti. Isiyo na alama hizo ni zawadi uliyoombwa, na una haki ya kusema huna. Mzee anayekudai kodi ya kichwa kwa kumbukumbu za zamani mwambie kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Michango ya maendeleo, kama ya ujenzi wa darasa, hupitishwa na mkutano na kuandikwa kwenye muhtasari, na mapato na matumizi yake husomwa mbele ya wakazi.

Ardhi ndiyo inayovunja udugu kuliko kitu kingine chochote huku pembezoni, kwa hiyo tuende taratibu.

Maeneo mengi yaliyo ndani ya mipaka ya jiji leo yana historia ya kijiji. Kijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti katika ugawaji. Eneo likishageuka kuwa mtaa, mamlaka hayo hayahamii kwa mwenyekiti wa mtaa. Wazee wengi wanaendelea kuamini kwamba yeye ndiye mwenye kugawa, na matapeli wanaijua imani hiyo vizuri. Muhuri wa mtaa kwenye karatasi ya mauziano, kwa maana yake ya juu kabisa, unasema: hawa watu walikuja mbele yangu na nawafahamu. Hausemi kwamba muuzaji ni mmiliki. Hausemi kwamba kiwanja hakijauzwa kwa mwingine, wala kwamba hakiko kwenye hifadhi ya barabara. Hayo yanajulikana kwa kwenda ofisi ya ardhi ya jiji na kuuliza kama eneo limepimwa, lina ramani na lina jina la nani, kisha mkataba ukaandikwa na kushuhudiwa na wakili. Kama ni nyumba ya familia, ridhaa ya mke au mume wa muuzaji ni lazima. Wengi wamepoteza fedha kwa kuidharau karatasi hiyo moja ya ridhaa. Na ile asilimia kumi ya bei ambayo baadhi ya wenyeviti huidai? Hakuna sheria ya nchi inayoiweka.

Mgogoro ukishatokea, watu hukimbilia Baraza la Kata, na ni sawa, ila wajue linafanya nini siku hizi. Mabaraza haya yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985. Kwenye ardhi yalikuwa na uwezo wa kusikiliza na kuamua mashauri yenye thamani isiyozidi shilingi milioni tatu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliondoa uwezo huo wa kuamua. Leo baraza linapatanisha tu. Lina wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane, watatu kati yao wakiwa wanawake, na lina siku 30 za kujaribu kuwasuluhisha. Mkipatana, vyema sana. Msipopatana, linakupa cheti cha kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, na cheti hicho ndicho unachokwenda nacho kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko bila cheti hupokelewi, isipokuwa kama siku 30 zimepita bila baraza la kata kusuluhisha. Kwa hiyo mtu akikuonyesha "hukumu ya kata" ya mwaka 2023 inayosema ardhi ni yake, ujue hiyo karatasi haina nguvu hiyo.

Usuluhishi nauheshimu kuliko watu wengi wanavyouheshimu. Mpaka kati ya shamba la Mbondei na kiwanja cha Mpare aliyehamia ukiamuliwa mahakamani, mmoja atashinda na wataendelea kuishi ukuta kwa ukuta bila salamu. Ukisuluhishwa kata, na mzee anayejua mti gani ulipandwa na nani akiwepo, watu hutoka wakizungumza. Lakini usuluhishi unataka hiari ya wote wawili, na baraza linalotisha watu ili wakubali halisuluhishi chochote.

Ndoa zina mlango unaofanana na huo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kabla shauri la talaka halijafunguliwa mahakamani, wanandoa wawe wamepita kwenye baraza la usuluhishi la ndoa na kupata hati kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Waislamu wengi wa Tanga hupita BAKWATA, Wakristo kwenye mabaraza ya makanisa yao, na baraza la kata nalo hupokea. Hili la kata ndilo linalowafaa sana wanandoa wa dini mbili, ambao kwenye mitaa yetu hawako wachache. Hati ya baraza haivunji ndoa kisheria. Inakufungulia mlango wa mahakama, kuanzia Mahakama ya Mwanzo.

Huduma za kila siku nizipitie upesi kidogo.

Barabara: zile kuu na za mkoa, kama ya kwenda Segera au Horohoro, ni za TANROADS. Za ndani ya kata na mitaa ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Kabla ya hapo zilikuwa za halmashauri, na ndiyo maana madiwani bado wanapokea lawama za mashimo ambayo bajeti yake haiko mikononi mwao. Usafi wa mitaro na ukusanyaji wa taka umebaki kwa halmashauri, na ada yake hutoka kwenye sheria ndogo za jiji.

Maji: Tanga UWASA huchota kwenye bwawa la Mabayani, linalojazwa na mto Zigi, na kuyasafisha Mowe. Bei haipangwi na mtaa wala na UWASA peke yao; inaidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Ukiwa na ankara usiyoielewa, lalamika kwanza kwa mamlaka yenyewe kwa maandishi, usiporidhika nenda EWURA. Mwaka 2024 mamlaka hii iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua miundombinu. Hatifungani ni mkopo kutoka kwa wawekezaji wanaolipwa riba kwa muda uliopangwa. Anayeinunua hawi mmiliki wa maji, na mamlaka inabaki ya umma.

Luku: yale makato ni kodi ya jengo, iliyohamishiwa kwenye ununuzi wa umeme mwaka 2021. Nyumba ya kawaida sasa inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Mwenye wajibu kisheria ni mwenye jengo, kwa hiyo mpangaji aliyekatwa aweke kumbukumbu na amalizane na mwenye nyumba kwenye kodi ya chumba. Inatozwa jengo, haitozwi mita. Nyumba moja yenye mita tatu haipaswi kulipishwa mara tatu. Wazee wa miaka 60 na zaidi wana msamaha kwa nyumba wanayoishi, lakini hauji wenyewe, lazima uombwe.

Mikopo ya halmashauri: asilimia kumi ya mapato ya ndani hutengwa, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Haina riba, jambo lenye uzito kwenye mji wa Waislamu wengi kama huu. Wapo wanaodhani ni fedha za chama au za wenyeji; sivyo. Anayeanza safari hiyo anaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, akiwa na kikundi kilichosajiliwa.

Turudi kwenye barabara, taa na zahanati, zile shida zinazohitaji fedha nyingi. Mwenyekiti hazitoi mfukoni, na diwani pia. Zinatoka kwenye bajeti, na mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Maoni ya mitaa hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo: mtaa unasema unataka nini kwanza, yanapelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti, mtendaji wa kata ni katibu na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe, kisha yanakwenda Baraza la Madiwani. Mtaro ukianza kupigiwa kelele mwezi wa nane, fedha za mwaka huo zimeshagawanywa tayari. Ukisemwa kwenye mkutano wa mwezi wa kumi au wa kumi na moja, ukaandikwa, una nafasi.

Kuandikwa ndiyo nusu ya kazi. Katibu wa mkutano wa mtaa ni mtendaji wa mtaa. Mkutano ukikaribia kufungwa, mtu mmoja, hata kama kahamia wiki iliyopita na lafudhi yake ni ya Kigoma, anyooshe mkono na kusema: "Ndugu mwenyekiti, naomba mtendaji atusomee alichoandika kuhusu mtaro." Kisha mkutano unaofuata, muhtasari ukisomwa ili uthibitishwe, asikilize kama mtaro bado umo, na amuulize mwenyekiti kata walisema nini.